Nia Njema Haiondoi Dhima

Wazee wetu walisema kipya kinyemi, kingawa kidonda. Hawakusema hivyo kwa kukichukia kila kipya, kwani wazee hao hao ndio waliozipokea taa za karabai, vyerehani, redio na mashine za boti, wakavitumia na wakanufaika navyo. Walichotuonya nacho ni ule unyemi wenyewe, yaani ile furaha inayomfanya mtu auone uzuri wa kitu asiuone uzito wake. Na furaha hiyo huzidi pale kitu kinapoletwa kwa jina la kheri, khasa kheri ya watoto. Nani atakayesimama mbele ya watu aseme kwamba hataki watoto wasome kwa chombo kilicho bora?

Leo nataka tulitazame suala moja kwa utulivu. Mtu mwenye amri akikusudia kheri, akatumia mali ya watu na wakati wa watoto wao, kisha jambo likaharibika, je, ile nia yake njema inamtosha? Au bado ana dhima shingoni? Suala hili ni la kale, lakini zama zetu zimelivisha nguo mpya, nalo limedhihiri sana katika skuli za Marekani, ambako kwa zaidi ya miaka ishirini wakubwa wa elimu wamekuwa wakinunua kompyuta kwa ajili ya wanafunzi, wengine wakafaulu na wengine wakajuta. Nimezichagua khabari za huko kwa sababu mambo yao yalichunguzwa na kuandikwa hadharani, hata mtu aliye mbali anaweza kuyazingatia bila ya kubahatisha.

Kwanza yafaa tufahamu mambo yao yalivyo. Skuli za umma za Marekani haziendeshwi na serikali kuu ya Washington. Nchi imegawanywa katika wilaya za skuli zipatazo 13,000, nyingine zina watoto mia chache tu, na nyingine zina watoto laki kadhaa. Kila wilaya ina bodi yake, ambayo aghlabu huchaguliwa kwa kura na wakaazi, na bodi hiyo humwajiri mkurugenzi wa kuendesha kazi. Fedha nyingi hutoka katika kodi za nyumba na ardhi za wakaazi wenyewe na katika hazina ya jimbo. Kwa hivyo wilaya inaponunua kitu, imekinunua kwa fedha za jirani, na atakayekitumia ni mtoto wa jirani. Hiyo ni amana kwa kila maana ya neno hilo.

Sasa tutazame yaliyotokea Los Angeles. Mwaka 2013 wilaya ya skuli ya mji huo, ambayo kwa ukubwa ni ya pili nchini baada ya New York, iliazimia kumpa kila mwanafunzi tableti ya aina ya iPad. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 600,000, na wengi wao ni watoto wa maskini. Hoja ya mkurugenzi wa wakati ule, John Deasy, ilikuwa hoja ya haki: mtoto wa tajiri anacho chombo hiki nyumbani kwao, basi kwa nini mtoto wa maskini akikose? Ni hoja nzuri, na mtu mwenye insafu hawezi kuicheka. Mpango mzima, pamoja na mitambo ya intaneti ya majengo ya skuli, ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 1.3. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika mikopo ambayo wapiga kura waliikubali kwa ajili ya kujenga na kukarabati skuli. Mikopo ya namna hiyo hulipwa kwa miaka mingi, ilhali tableti baada ya miaka michache huwa imekwisha. Yaani mtoto aliyepewa chombo mwaka ule angekuja kukilipia kodi akiwa mtu mzima, na chombo chenyewe kimeshatupwa zamani.

Mwaka huo huo, mara tu ugawaji ulipoanza, wanafunzi wapatao 300 walikuwa wameshagundua namna ya kuviondoa vile vizuizi vya intaneti walivyowekewa. Hawakuhitaji ufundi mkubwa. Walifuta tu maelezo ya mtumiaji yaliyotiwa na wilaya, mlango ukafunguka. Wilaya ikashituka, ikakataza vyombo visichukuliwe majumbani. Ikadhihirika pia kuwa mitihani mipya ya jimbo ilihitaji vibao vya kupigia herufi, navyo havikuwamo katika ununuzi ule wa kwanza. Na masomo yaliyonunuliwa pamoja na tableti kutoka kampuni ya Pearson yalikuwa hayajakamilika. Walimu walifungua wakakuta sehemu chache za mfano, wakaambiwa mengine yanakuja.

Agosti 2014, baada ya kutoka barua zilizoonyesha kuwa wakubwa wa wilaya walikuwa wakizungumza na wakubwa wa kampuni za Apple na Pearson kabla ya zabuni kutangazwa, Deasy aliusimamisha mkataba. Oktoba alijiuzulu. Desemba wapelelezi wa serikali kuu walikwenda kuchukua makasha ya makaratasi. Kwa insafu lazima niseme kuwa upelelezi ule haukumfikisha mtu mahakamani, na si haki yetu kumpachika mtu wizi ambao haukuthibitika. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilikubali kurejesha dola milioni 4.2. Ukizilinganisha na yale yaliyokusudiwa, ni tone katika mtungi.

Na katika mwaka ule ule wa 2014 wilaya hiyo ilianzisha mtambo mwingine wa kompyuta, wa kuweka daftari za wanafunzi na kupanga ratiba zao. Walioujua waliona kuwa haujaiva. Ulianzishwa hivyo hivyo. Skuli zikafunguliwa, na katika baadhi yake, mashuhuri zaidi ikiwa ile ya sekondari ya Jefferson, wako vijana waliokaa wiki baada ya wiki bila ya ratiba ya sawa, wengine wakitiwa katika masomo waliyokwisha kuyafaulu. Oktoba mahakama ikabidi iingilie kati, iamuru watoto wale wapewe masomo yao.

Msomaji, tuache kidogo khabari za fedha, maana fedha ni ngumu kupatikana lakini hupatikana. Mkubwa akikosea hupoteza cheo, na mara nyingi cheo kingine hukipata kwengine. Kampuni ikikosea hurejesha kidogo, ikaendelea na biashara yake. Lakini mtoto wa miaka kumi na sita aliyekaa bila ya somo la hesabu hana mwaka wa akiba mahali popote. Umri ule aliupitia mara moja tu. Wala yeye hakuulizwa, hakupiga kura, hakutia sahihi mkataba wowote. Haraka ilikuwa ya wakubwa, na gharama yake ilibebwa na wadogo.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye suala letu la nia. Sisi sote tumesomeshwa tangu chuoni cheo cha nia katika amali, na kwa hivyo wengi wetu tukisikia fulani alikusudia kheri, hunyamaza, tukaona hesabu imefungwa. Lakini hapa tunachanganya mambo mawili. Nia ni baina ya mtu na Mola wake, na humfaa mwenye nayo katika thawabu. Haki ya aliyedhurika ni jambo jengine, nalo halifutwi na wema wa moyo wa mwengine. Wanavyuoni wetu wa fiqhi wameliweka wazi: mtu akiharibu mali ya mwenziwe kwa kukosea, dhambi huenda asiwe nayo, lakini kulipa atalipa. Na mwenye kujitia kutibu watu ilhali utabibu hakuusomea, akamdhuru mgonjwa, dhamana ni yake hata kama alitamani kuponya kwa moyo wake wote.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Nahodha akitaka kuwafikisha watu kwao kabla ya sikukuu, akapakia jahazi kupita kiasi, nia yake ni njema. Anawahurumia waliobaki gatini. Lakini jahazi likizama nani atasema kuwa hana lawama kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma? Tutamuuliza: hukujua chombo chako kinabeba watu wangapi? Hukuitazama hali ya bahari? Nia njema kwa mwenye amri ni mwanzo wa kazi. Ikishawekwa, ndipo inapomlazimu kuchungua, kuuliza, kupima, na kujua kabla ya kutenda. Aliyeiacha kazi hiyo amepunguza katika wajibu wake, hata ikiwa moyo wake ni safi kama maziwa.

Pengine utasema: maneno haya yatatufunga mikono. Kama kila anayejaribu jambo jipya atahesabiwa hasara zake, nani atakayejaribu? Bila ya kujaribu watu wangebaki na ubao na chaki milele. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini kuna kujaribu na kuna kujaribia wengine. Mtu akijaribu kwa mali yake na nafsi yake, huo ni ushujaa wake. Akijaribu kwa mali na watoto wa watu, haikatazwi, ila sharti zake huongezeka: aanze kwa kidogo, awaarifu wenyewe, awe tayari kusimama akiona dalili mbaya, na wa kwanza kubeba taabu ya majaribio awe mkubwa kabla ya mdogo.

Na si kweli kwamba jambo hili haliwezekani. Uko mji mdogo huko North Carolina unaoitwa Mooresville, wilaya yake ya skuli ina wanafunzi elfu chache tu. Mkurugenzi Mark Edwards alifika hapo mwaka 2007. Huyu hakuwa mgeni wa kazi hii, kwani mwaka 2001 alikuwa wilaya ya Henrico, jimbo la Virginia, ambako maelfu ya wanafunzi walipewa laptopu, na matatizo ya mwanzo aliyaona huko kwa macho yake. Mooresville hakuanza na watoto. Laptopu walianza kupewa walimu, wakazizoea, wakafunzwa siku kwa siku namna ya kubadilisha usomeshaji wao, kisha ndipo zikawafikia wanafunzi, daraja baada ya daraja. Wazazi walitozwa dola 50 kwa mwaka za matengenezo, na wasioweza wakasaidiwa. Mkurugenzi mwenyewe hakuchoka kuwaambia waliokwenda kumzuru kuwa shabaha si kile chombo. Shabaha ni usomeshaji.

Matokeo yake yakaonekana. Wanafunzi waliomaliza sekondari walikuwa asilimia 80 mwaka 2008, wakafika asilimia 91 mwaka 2011. Waliofikia kiwango katika mitihani ya jimbo ya kusoma, hesabu na sayansi walipanda kutoka asilimia 73 hadi 88 katika miaka mitatu, na wilaya yenyewe ilikuwa ni ya 100 kati ya 115 za jimbo hilo kwa fedha inayotumika kwa kila mtoto. Lakini tusiitie chumvi khabari hii. Katika miaka hiyo ya shida ya fedha wilaya iliondoa nafasi 65 za kazi, 37 kati yake za walimu, na madarasa ya kati yaliyokuwa na watoto 18 yakafika 30. Hata jambo lililofaulu liliacha watu waliolilipia. Tafauti ni kuwa hesabu ile ilifanywa mbele ya watu, na mwalimu aliyebaki alitayarishwa kwa kazi aliyopewa.

Sasa weka pembeni ya Mooresville wilaya ya Kyrene, huko Arizona. Tangu mwaka 2005 ilitumia kadiri ya dola milioni 33 katika kuyajaza madarasa kompyuta na vioo vya kuonyeshea. Kufika 2011 alama za watoto wake za kusoma na hesabu zilikuwa zimesimama pale pale, ilhali za jimbo zima zilikuwa zimepanda. Kompyuta zilikuwapo, walimu walikuwapo, na walioutetea mpango walikuwa watu wema. Kentaro Toyama, mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi miaka kadhaa India akijaribu kuzipeleka kompyuta katika skuli za mashamba, aliandika kitabu mwaka 2015 akaeleza kuwa vyombo hivi hukuza kile walichonacho watu. Palipo na mwalimu hodari na usimamizi mzuri, huzidisha uhodari. Palipo na uzembe, huuzidisha uzembe. Ni kama kipaza sauti msikitini: hakimfundishi mtu kuadhini, mwenye sauti nzuri ataisikilizisha mji mzima, na mwenye kukosea makosa yake yatafika mbali.

Iko dhima nyengine ambayo wengi hawaitazami, nayo ni dhima ya siri. Lower Merion ni wilaya ya watu wenye nafasi, nje ya mji wa Philadelphia. Iliwapa wanafunzi wake wa sekondari laptopu za kwenda nazo nyumbani, na ndani yake ikatia programu ya kukitafuta chombo kikipotea, ambayo ingeweza kuwasha kamera na kupiga picha bila ya mwenye kukitumia kujua. Nia ilikuwa kuwakamata wezi. Februari 2010 familia moja iliishitaki wilaya, na uchunguzi ulipofanywa zikakutwa picha zaidi ya 50,000, za kamera na za yale yaliyokuwa katika kioo cha kompyuta, nyingine zimepigwa ndani ya nyumba za watu, watoto wakiwa vyumbani mwao. Wazazi hawakuwa wameambiwa. Oktoba ya mwaka huo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza mashitaka.

Sisi ambao tumelelewa kupiga hodi mara tatu kisha kurudi, tunajua uzito wa jambo hili. Nyumba ina hishima yake, na dini yetu imekataza kupelelezana. Lakini zingatia namna lilivyoingia: halikuja kwa mtu mbaya aliyevunja dirisha. Lilikuja ndani ya mkoba wa mtoto, na mzazi mwenyewe amelipokea kwa shukrani.

Na amana ya siri haishii kwenye kamera. Septemba 2022 wahalifu waliingia katika mitambo ya kompyuta ya wilaya ile ile ya Los Angeles, wakataka kulipwa. Wilaya ilikataa, na kukataa kwake kulikuwa na sababu zake. Oktoba wahalifu wakazitawanya khabari walizoziiba, na miongoni mwake zikawamo ripoti kiasi cha 2,000 za uchunguzi wa hali za akili na nafsi za wanafunzi. Fikiria, mzazi alimpeleka mwanawe kwa mtaalamu wa skuli akiwa na simanzi, akasema ya ndani kabisa, na maneno yale yakawekwa mahali ambapo hakuweza kuyalinda yeye wala aliyeyaandika. Kukusanya siri za watu ni rahisi siku hizi kuliko kukusanya kuni. Kuzihifadhi ndiyo kazi, na asiyeweza kuzihifadhi bora asizikusanye.

Baada ya kusikia haya, yuko atakayesema: basi tusiguse kitu hiki, tubaki na daftari zetu. Nami namwambia kuwa kukaa kando pia kuna dhima yake. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga skuli, mtoto aliyekuwa na chombo na intaneti aliendelea kumsikia mwalimu wake, na asiyekuwa nacho alinyamaziwa. Huko Marekani kwenye utajiri wote ule, wilaya nyingine zilipeleka mabasi ya skuli yenye mitambo ya intaneti yakaegeshwa mitaani ili watoto wa jirani wapate kusoma. Agosti mwaka huo ilienea picha ya wasichana wawili wa mji wa Salinas, California, wamekaa chini nje ya mkahawa, wameshika laptopu zao, wakiitumia intaneti ya mkahawa kwa masomo ya skuli. Kwa hivyo ile hoja ya Deasy ya mwaka 2013, kwamba mtoto wa maskini asiachwe nyuma, ilikuwa kweli, na miaka saba baadaye ilishuhudiwa na kila mtu. Jambo lililokuwa na kasoro lilikuwa ile njia. Na hilo ndilo linaloumiza: kheri ya kweli ikibebwa vibaya, watu huichukia ile kheri yenyewe, na wanaoihitaji zaidi ndio wanaoikosa.

Ungedhani wilaya iliyopita katika hayo yote ingekuwa imefunzika. Machi 2024 Los Angeles ilizindua kwa shangwe programu iliyoitwa Ed, ya ile elimu ya kompyuta inayoitwa akili mnemba, iliyokusudiwa kuzungumza na kila mwanafunzi na mzazi wake, imwongoze katika masomo na mahudhurio. Mkataba na kampuni iliyoitengeneza, AllHere, ulikuwa wa kiasi cha dola milioni 6 kwa miaka mitano, na karibu nusu yake ilikwisha kulipwa. Haikupita miezi mitatu, kampuni ikaishiwa, ikawaondoa wafanyakazi wake wengi, na programu ikazimwa. Novemba mwaka huo aliyeiasisi kampuni akakamatwa na kushitakiwa kwa kuwadanganya waliotia mali zao. Miaka kumi na moja baadaye, wilaya ni ile ile, wakubwa ni wengine, na maneno ya kheri ni yale yale. Naona sababu yake ni hii: kila mara waliulizwa wamekusudia nini, na jibu lilikuwa zuri. Hawakuulizwa kwa ukali ule ule wamechungua nini.

Ndugu msomaji, usidhani kuwa haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka ule ule wa 2013 wananchi wa Kenya waliahidiwa laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilivunjika katika mabishano, na mwaka 2016 zilipoanza kufika skuli, zilikuwa tableti za kutumiwa darasani, si laptopu ya kila mtoto. Tanzania, baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligaiwa walimu. Kumwanza mwalimu ni jambo la busara; lililobaki ni kumpa mwalimu huyo mafunzo, umeme na mtu wa kumsaidia kinapokwama. Na hata skuli zetu za binafsi, na baadhi ya madrasa, sasa zinawaandikia wazazi barua kuwataka wanunue vyombo hivi. Barua hizo zikikufikia usikubali kwa unyemi, wala usikatae kwa khofu. Kuuliza si ujinga.

Uliza: mwalimu atakayekitumia amefundishwa, na kwa muda gani? Masomo yaliyomo yamekamilika, na nani ameyapitia? Mtoto ambaye kwao hapana umeme wala fedha ya intaneti atafanyaje, atakaa darasani akiwatazama wenzake? Kikivunjika ni juu ya nani? Khabari za mwanangu zinawekwa wapi, nani anaziona, na akimaliza skuli zitafutwa? Kampuni ikifa kesho, watoto watabaki na kitu gani mkononi? Mwalimu mkuu aliyeyafikiria mambo haya atafurahi kuulizwa, kwani majibu anayo. Atakayekasirika amekujibu vilevile.

Kisha kila mmoja wetu ajiulize nyumbani kwake, kwani nyumba nayo ni mamlaka, na mzazi ndiye mkurugenzi wake. Wangapi wetu wamemnunulia kijana simu kubwa, nia yao ikiwa asome, kisha wakatoka kwenda zao barazani? Usiku mtoto yuko chumbani peke yake na dunia nzima mkononi, na baba amelala kwa raha akijua kuwa ametimiza wajibu. Amenunua, kweli. Lakini kununua ilikuwa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Iliyobaki ni kukaa naye, kujua anachosoma, kumwekea saa ya kukiweka chini, na kuwa tayari kusema hili lilikuwa mapema, tungoje, bila ya kuona haya kuwa jirani amekwishampa wake.

Mwenye amri wa mji na mwenye amri wa nyumba wako sawa katika jambo hili. Siku ya hesabu ya dunia, watoto watakapokuwa watu wazima wakatutazama, hawataweza kuiona nia tuliyokuwa nayo moyoni. Wataona tulichowapa, na kama tulikitazama kwanza kabla ya kukiweka mikononi mwao. Mwenyezi Mungu atujaalie nia njema, na atupe pamoja nayo subira ya kuuliza kabla ya kutenda.